Sumaku Ina Kisogo

Lubasha aliandika SITINI ubavuni mwa gari
kwa kalamu ya wino mzito, kabla ya kupima chochote.
"Linakwenda sitini, mama mdogo. Uliza Kanyenye nzima."
Kanyenye nzima ni watoto wanne
na mbwa wa fundi cherehani.

Nikasogeza kando redio ya mkulima wa Sikonge,
nikafungua gurudumu la nyuma, la kushoto.
Mchanga wa Tabora ukamwagika mezani,
ule mweupe, laini kama unga wa muhogo,
unaoingia kwenye beringi bila kubisha hodi.

Sensa yenyewe ni ndogo kuliko punje ya mahindi.
Miguu mitatu, nyaya tatu:
nyekundu inalisha, nyeusi inarudisha,
nyeupe ndiyo yenye mdomo.
Haina jicho. Gurudumu hailioni.
Inangoja tu sumaku ipite, iseme: moja.
Ipite tena: moja.
Mbili haijui. Kujumlisha ni kazi ya wengine.

Sumaku niliichomoa kwenye spika ya sikioni iliyokufa.
Tone la gundi ndani ya rimu,
na tone jingine, tupu, upande wa pili,
gurudumu lisije likachechemea.
Nafasi kati yao niliipima kwa vocha iliyokwanguliwa:
ikipita kwa kukwaruza kidogo, yatosha.

Tukawasha. Gurudumu likavuma
kama mzinga uliopigwa teke.
Rimoti ikasema sifuri.
Lubasha akanitazama
kama mteja anayetaka kurudishiwa hela.
Nikakagua nyaya. Nikalehemu upya.
Sifuri.
Adhana ya alasiri ikapita, chai ya maziwa ikaota ngozi,
ndipo nikakumbuka: sumaku ina uso, ina kisogo,
nami niliibandika imeipa sensa mgongo.
Nani huitikia salamu ya aliyempa kisogo?
Nikaibandua kwa wembe, nikaigeuza,
na tarakimu zikaanza kutetemeka kiooni.

Mzingo wa gurudumu tuliupima
kwa utepe wa fundi cherehani: sentimita ishirini na moja.
Jioni tukaenda kwenye saruji nyuma ya ghala la tumbaku.
Msimu umekwisha, harufu imebaki.
Gari likatoka kama lililoiba.
Kumi na nane. Ishirini. Ishirini na mbili.
Hapo likagoma kupanda.
Watoto wanne wakanyamaza.
Mbwa hakunyamaza.

"Sensa yako mbovu."
"Labda," nikasema.
Tukapima mita hamsini, saa ya simu mkononi:
sekunde nane.
Kokotoa utakavyo, ni ishirini na mbili na nusu.
Akapiga kokoto teke, akaangalia reli.

Sikumcheka.
Baba alikuwa mtu wa gangi, Urambo hadi Kaliua,
miaka kumi na tisa akikaza nati za maungio.
Tukisafiri naye, alifumba macho,
akahesabu milio ya magurudumu juu ya maungio yale,
sekunde arobaini na tatu kwa saa yake ya mkononi;
milio mingapi, kilomita ndizo hizo.
Behewa zima likisema leo treni inapaa,
yeye anasema, "Thelathini na moja,"
halafu analala.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilimchukia kwa namba ile.
Nilitaka ipae.

Lubasha aliondoka bila kuaga,
gari kwapani, waya mweupe ukining'inia.

Asubuhi nikamkuta amekaa mlangoni pa duka,
kufuli bado halijafunguliwa.
Hakusalimia pia.
"Ile gia ndogo ya kwenye mota," akasema,
"yenye meno mengi zaidi, inauzwa wapi?
Nataka ishirini na tatu."

Ubavuni bado SITINI.
Sikumwambia afute.
Wino ule hautoki kwa maji.